Kata Ukijua Kipande Kinakwenda Wapi: Maswali ya Mafundi wa Miti

Masika yakikaribia, simu za wakata miti hazipumziki. Huyu tawi limelala juu ya bati, yule mwembe umejaza majani kwenye mfereji wa maji ya mvua, mwingine mnazi umeanza kuinamia ukuta wa jirani. Maswali ya safari hii yametoka kwa mafundi wa Dar es Salaam, Bagamoyo, Tanga, Morogoro na Mombasa, moja limetoka kwa mwenye nyumba, na jingine halikutaja mahali. Yaliyofanana tumeyaunganisha.

SWALI: Shikamooni wakuu. Nilikuwa nakata tawi la mwembe, nene kama paja. Kabla sijamaliza likakatika lenyewe na kushuka na gome la shina karibu mita nzima. Mwenye nyumba anasema nimemuulia mti. Nipake rangi au lami pale? (Fundi, Kinondoni)

JIBU: Marahaba, kijana wetu. Mwembe hautakufa kwa jeraha hilo, ila utakaa nalo miaka mingi. Tawi ulilikatia juu peke yake. Uzito ukalivuta chini kabla chenso (msumeno wa injini) haijamaliza kazi, nyuzi za upande wa chini zikabaki zimeng'ang'ania gome la shina, na tawi likaondoka nalo kama ganda la ndizi.

Tawi lolote linalozidi unene wa kifundo cha mkono likatwe kwa mikato mitatu. Wa kwanza unatoka chini kwenda juu, sentimita 30 hadi 50 kutoka kwenye shina, na unaingia robo ya unene, usizidi theluthi. Ukiona mwanya umeanza kuibana baa (ule upanga wa chuma unaobeba cheni), toa, panatosha. Wa pili unatoka juu, sentimita 3 hadi 5 mbele ya ule wa kwanza, upande wa ncha ya tawi. Hapo tawi litakatika, na mpasuko utaishia kwenye mkato wa chini. Unabaki na kigutu kisicho na uzito, na hicho ndicho unachokiondoa kwa utulivu kwa mkato wa tatu.

Huo wa tatu ndio wenye elimu. Tazama pale tawi linapochomoza kwenye shina: kuna uvimbe umelizunguka kama kola ya shati, na juu yake gome limejikunja likafanya mstari mweusi. Uvimbe huo ni mali ya shina, na humo ndimo mti unamojenga ukuta wa kuzuia uozo. Pitisha msumeno nje yake tu, bila kuugusa. Ukiukata, umefungua shina lenyewe. Ukiacha kigutu cha sentimita 10, kitaoza na uozo utaingia kwa njia hiyo. Rudi baada ya mwaka ukague kazi yako: mkato mzuri huwa umeota mdomo wa gome wa mviringo pande zote. Ukiona mdomo umeota kushoto na kulia tu, juu na chini hakuna kitu, ulikata ndani mno.

Rangi na lami ziache. Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, alipasua miti mingi kwa urefu ili aone uozo unavyotembea ndani, na akakuta kwamba vidonda vilivyopakwa vinaoza kama visivyopakwa. Mti haurudishi nyama iliyoharibika kama ngozi ya mtu, unaizungushia ukuta na kuota gome jipya juu yake. Kwa mwembe wako, chukua kisu kikali, ondoa gome lililoning'inia mpaka ufike lililoshikana na mti, lainisha kingo, basi. Kitu kimoja tu kinafaa kupakwa, nacho si dawa ya kidonda: kama umefungua kivuli kingi na matawi ya ndani yameanza kupigwa na jua la mchana, yapake chokaa iliyokorogwa kama uji mwepesi, kwa sababu gome la mwembe lililozoea kivuli huungua na kupasuka.

Usiondoe zaidi ya robo ya majani mabichi kwa mwaka mmoja, hata mwenye nyumba akisisitiza "shusha wote". Mti uliokatwa kichwa huchipua vijiti vingi vilivyoshikilia juujuu, na baada ya miaka michache hivyo ndivyo vinavyoanguka kwenye bati. Na mwembe ukatwe mara tu mavuno yanapokwisha. Pwani ukisubiri mpaka Juni au Julai, unakata maua ya msimu unaokuja.

SWALI: Chenso yangu inakata vizuri asubuhi, mchana inatoa moshi na kwenda upande. Nimebadilisha plagi, nimesafisha kabureta, tatizo liko palepale. Na je, oili chafu ya gari inafaa kwenye cheni? (Tanga)

JIBU: Injini haina kosa. Ondoka kwenye plagi uende kwenye meno. Okota kinachomwagika chini ya chenso ukisugue mkononi: kama ni vipande vyenye urefu, cheni ina makali; kama ni unga kama wa sembe, umeshaacha kukata, unasaga. Anayesaga huikandamiza mashine, baa inapata moto, na moshi unaouona ni wa mti na oili ya cheni.

Noa kila unapojaza tangi, kwa mkono mwepesi, usingoje jioni. Tupa ya duara ilingane na cheni: milimita 5.2 kwa cheni kubwa ya inchi 3/8, milimita 4.8 kwa cheni ya 0.325, na milimita 4 kwa ile 3/8 ndogo ya mashine za nyumbani. Shikilia tupa kwa nyuzi 30, ilale sawa, sehemu yake moja kati ya tano ikichungulia juu ya jino. Sukuma kutoka ndani ya jino kwenda nje, inua wakati wa kurudi. Tupa haikati ikivutwa, inajimaliza tu. Msukumo 2 au 3 kwa kila jino, idadi ile ile pande zote. Tafuta jino fupi kuliko yote, mengine yafuate urefu wake.

Kwenda upande kuna sababu mbili. Ya kwanza, mafundi wengi wana mkono mmoja wenye nguvu, kwa hiyo meno ya kulia yanakuwa makali na marefu tofauti na ya kushoto, na cheni inavutwa upande mmoja. Ya pili ni baa: kuta za mfereji wake zimelika, moja imeshuka. Isimamishe juu ya kioo au meza iliyonyooka. Ikiinama, ukuta wa upande unaoinamia umekwisha. Geuza baa juu chini kila mara unapobadilisha cheni, na kwangua matope ya unga kwenye mfereji na kwenye tundu la oili.

Mbele ya kila jino kuna kidomo kidogo kinachoamua jino lichukue nyama kiasi gani. Kinatakiwa kiwe chini ya makali kwa milimita 0.65 hivi, pungufu kidogo ya unene wa kadi ya benki. Jino likinolewa mara 4 au 5 linashuka, kidomo kinabaki juu, na cheni inateleza hata kama ina makali. Kishushe kwa tupa bapa, msukumo mmoja au miwili, kisha pima. Ukikishusha mno, chenso itaanza kuruka na kukurudia usoni.

Oili chafu hapana. Ina vumbi la chuma linalokula baa, inarushwa hewani mbele ya pua yako, na ina sumu inayodhuru ngozi. Kama oili ya cheni haipatikani, tumia oili mpya ya injini ya SAE 30 au 40. Mafuta ya kupikia nayo yanalainisha vizuri, lakini mashine ikikaa wiki bila kazi yanaganda kama gundi. Siku ya mwisho ya kazi pitisha oili ya kawaida. Tangi moja la petroli linatakiwa limalize karibu tangi zima la oili ya cheni. Likibaki limejaa, tundu limeziba.

Kuhusu mchanganyiko wa petroli, ambao watatu wameuliza: oili ya tu-stroki ya kampuni iliyotengeneza mashine ni mililita 20 kwa lita (100 kwa dumu la lita 5). Oili nyingine ya tu-stroki iliyo nzuri ni mililita 40 kwa lita. Usipime kwa kifuniko cha soda, nunua chupa ya kupimia. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi usiutie.

Na kwa miti ya mjini, kagua shina kabla. Miembe na mikungu ya uani imemeza misumari ya mabango na waya wa kuanikia nguo. Ukikata ukaona doa la bluu nyeusi kwenye mti mbichi, simama: ni chuma kimekutana na maji ya mti, na kiko karibu.

SWALI: Nina kazi ya mwarobaini uliosimama juu ya paa la jirani. Kila gogo lazima lishushwe kwa kamba. Nitajuaje kamba yangu inatosha? (Magomeni)

JIBU: Anza na uzito. Kipenyo kwa kipenyo kwa 0.785 kwa urefu, vyote kwa mita, kisha zidisha kwa 1,000, kwa maana mti mbichi uchukulie kama una uzito wa maji. Gogo la sentimita 30 lenye urefu wa mita 1 ni kilo 70. La sentimita 40 ni kilo 125. Watu wengi wakikadiria kwa macho hutaja nusu ya hapo.

Sasa mtego. Gogo la kilo 70 likianguka mita 1 kabla kamba haijalidaka, na kamba ikanyooka sentimita 25 tu, nguvu ya wastani inayoishika kamba ni 70 mara 1.25 (mita 1 ya kuanguka jumlisha 0.25 ya kunyooka) gawanya kwa 0.25, yaani kilo 350, na kilele chake huweza kufika mara mbili ya wastani. Tawi lililobeba kamba juu linavutwa na pande zote mbili za kamba, kwa hiyo linaweza kubeba karibu mara mbili ya kinachobebwa na kamba yenyewe. Hapo ndipo tawi la juu linapokatika na fundi akiwa amejifunga kwenye shina lile lile.

Dawa yake iko mikononi mwa mtu wa chini. Akiacha kamba ikimbie na kuituliza taratibu kwa mita 2, hesabu inakuwa 70 mara 3 gawanya kwa 2: kilo 105 tu. Ili aweze kufanya hivyo, azungushe kamba kwenye shina chini. Mzunguko mmoja kamili unapunguza mvuto mara 4 hadi 5, miwili mara 20 hivi. Yaani zile kilo 105 zinamfikia mkononi kama kilo 5. Mizunguko mitatu kwenye gome la kukwaruza ni hatari kwa namna nyingine: kamba inakataa kukimbia, gogo linasimama ghafla, na tumerudi kwenye kilo 350. Kwa kipande kidogo mzunguko mmoja, kwa kikubwa miwili, na jaribuni na kipande chepesi kwanza. Mshika kamba asijiviringie kamba mkononi kamwe, wala asisimame ndani ya duara lake.

Mzigo wa kazi usizidi sehemu ya kumi ya nguvu ya kukatika iliyoandikwa kwenye kamba. Manila ya plastiki ya dukani huyeyuka ikisuguana kwa kasi kwenye gome na hudhoofika kwa jua. Ikianza kutoa unga au kuwa na manyoya, iwe ya kufungia mzigo. Ya katani inavumilia msuguano, lakini ikilowa na kuanikwa vibaya huoza ndani. Ifumbue nyuzi zake kidogo: ikiwa na vumbi la kahawia katikati, imekwisha. Kamba ya kushushia magogo na kamba inayokushikilia wewe zisiwe moja, hata siku moja.

SWALI: Tawi limegusa waya wa umeme. Mteja anasema mafundi wa umeme watachelewa, nikate kwa mti mkavu wa mwanzi? (Mombasa)

JIBU: Usikate. Mwanzi mkavu una unyevu, tawi bichi lina maji tele, na waya wa juu wa mtaani unaweza kuwa wa volti 11,000 au 33,000 hata kama nguzo inafanana na ile ya nyumbani. Mwili wako, chombo chako na tawi unalokata vikae mita 3 au zaidi kutoka kwenye waya. Kilicho ndani ya mita hizo 3 ni kazi ya Kenya Power kwa huko kwenu, na TANESCO kwa Tanzania: wazime kwanza, wathibitishe kwamba wamezima, ndipo mti ukatwe. Mteja mwenye haraka mwambie hivyo hivyo, kwa heshima, na ushuke.

SWALI: Mara nyingi nakuta nyuki kwenye shimo la mti. Wenzangu wanachoma moto. Nasikia magogo yenye shimo yanauzika kama mizinga, ni kweli? (Morogoro)

JIBU: Ni kweli, na kuwachoma ni hasara mara mbili. Kabla ya kupanda, gonga shina kwa mpini na usimame pembeni dakika 5 ukitazama mashimo. Mtetemo wa chenso unawachokoza kuliko kelele zake. Ukichomwa mara moja ukasikia harufu kama ya ndizi mbivu, hiyo ni ishara wanayoitana kwayo. Zima mashine, shuka, kimbia bila kupunga mikono, ingia ndani ya nyumba ufunge mlango. Usiruke kwenye maji, watakusubiri juu. Mwiba ukwangue kwa ukucha mara moja. Kazi ya kuwahamisha mpe mrina asali, jioni giza linapoingia.

Gogo lenyewe usilipasue kuni. Kata kipande cha mita 1 hadi 1.2 chenye tundu la sentimita 20 na zaidi, kwangua uozo wote mpaka ufike mti mgumu, likae kivulini wiki kadhaa. Ziba ncha zote mbili kwa vibao vinavyofunguka, toboa milango michache ya milimita 8 hadi 10 upande mmoja, kisha paka nta iliyoyeyushwa ndani ya kibao na mlangoni. Nta ndiyo chambo. Tundika kwa waya, na waya upake grisi ili sisimizi na siafu wasipite. Grisi ikikauka paka tena, maana kundi linaweza kuhama kwa usiku mmoja wa siafu. Weka mbali na nyumba, shule na njia, mita 300 ni vizuri.

Mabaki ya mbao nayo yanafaa mizinga ya viunzi vya juu, yaani vijiti vinavyopangwa juu ya mzinga ili nyuki waning'inize masega. Hapo kipimo kimoja hakina mjadala: kiunzi kiwe na upana wa milimita 32. Ukikikata kwa milimita 36 au 38 kwa kuona ni karibu sawa, nyuki wetu watajenga masega ya kukatiza viunzi viwili, na siku ya kuvuna utavunja kila kitu.

SWALI: Mwanzoni mwa mwaka huu nimepogoa miembe mitatu yenye maembe ambayo sijawahi kuonja mfano wake. Naweza kupata miche kutoka kwenye yale matawi, au lazima mbegu? (Muheza)

JIBU: Swali hili limetufurahisha, kwa sababu watu wa kazi yetu wanatupa jalalani kitu ambacho wenye vitalu wanakitafuta. Kokwa la embe la dodo au bolibo linaweza kukupa mti usiofanana na mama yake. Kikonyo (kichipukizi cha mti mama) kilichobebeshwa, yaani kilichounganishwa juu ya mche mwingine, kinakupa mama yule yule, na kinaanza kuzaa miaka ya mapema kuliko mche wa kokwa.

Mwombe mwenye mti ruhusa kwanza, wengi wanakubali wakiahidiwa mche mmoja. Kisha panga kazi yako iwe ya safari mbili. Safari ya kwanza, siku 7 hadi 10 kabla ya kupogoa, chagua vichipukizi vya juani, vya mwisho wa tawi, vyenye unene wa penseli, ambavyo majani yake yamekomaa na havijatoa maua. Kata majani yote ukiacha vishina vyake. Siku zikipita vishina vitadondoka vyenyewe na jicho la ncha litavimba bila kufunguka. Hicho ndicho kikonyo kilicho tayari. Safari ya pili, kabla chenso haijagusa tawi, vikate kwa urefu wa sentimita 10 hadi 15, vifunge kwenye gazeti lililoloa, viweke ndani ya plastiki, kivulini. Vibebeshwe siku hiyo hiyo au kesho yake. Siku ya tatu bado vinaweza kushika, lakini hesabu ya vinavyokufa inapanda.

Mche wa chini uwe umeota kutokana na kokwa lolote la embe la kienyeji. Kokwa libanduliwe ganda la nje, lioteshwe likiwa bichi, ndani ya wiki moja au mbili tangu embe liliwe. Kwenye kiriba weka udongo wa juu sehemu 3, samadi iliyooza 2, mchanga 1. Shina likifikia unene wa penseli, likate sentimita 20 hivi kutoka chini, lipasue katikati sentimita 3 hadi 4. Kikonyo kichonge pande mbili kiwe kama kabari ya urefu huo huo, kwa wembe au kisu kisicho na kutu, mkato mmoja kila upande. Ukirudia rudia unapata mawimbi na hewa inaingia. Kiingize, na hakikisha upande mmoja angalau gome limekutana na gome, kwa kuwa utando wa kijani ulio chini ya gome ndio unaoungana, mti wa katikati hauungani na chochote. Zungushia utepe wa plastiki kutoka chini kwenda juu ili maji yasiingie, kisha kifunike kikonyo kwa kimfuko chembamba kinachopitisha mwanga. Weka kivulini.

Wiki ya 2 mpaka ya 4 jicho litafunguka. Hapo ondoa kimfuko jioni, si mchana. Chipukizi lolote linalotoka chini ya kiungo liondoe siku hiyo, maana huo ni mche wa kienyeji unajaribu kuchukua nafasi. Utepe uondolewe baada ya miezi 3 hivi. Ukiusahau utakaba shina na mche utavunjika palepale kwa upepo. Andika jina la mti mama kwenye kila kiriba. Mche usio na jina unauzwa kwa bei ya mche wowote.

SWALI: Mwembe mkubwa umekatwa kwangu. Fundi anataka kuuchukua kama kuni kufidia sehemu ya malipo. Je, hauna mbao? (Mwenye nyumba, Mikocheni)

JIBU: Una mbao, na fundi wako pia anapoteza. Pwani ngalawa na mitumbwi mingi imechongwa kwa mwembe miaka nenda rudi. Kaeni mpatane kabla ya kukata, kwa sababu namna ya kukata inategemea kitu kinachotakiwa. Shina likikatwa vipande vya sentimita 40 ni kuni tayari, hakuna wa kulirudisha.

Acha gogo la mita 2 hadi 2.5 lililonyooka. Siku hiyo hiyo paka ncha zote mbili rangi ya mafuta nzito au nta, kwani maji hutoka kwa kasi zaidi kupitia ncha na nyufa huanzia hapo. Usiliache chini likisubiri fundi wa kupasua: kwenye joto la pwani kuvu wa bluu huingia kwa siku chache, na madoa hayatoki kwa msasa. Wakati wa kupasua, moyo wa gogo, ile nukta ya katikati, utolewe kwenye ubao wake mwembamba. Ubao wenye moyo ndani hupasuka.

Mbao zipangwe juu ya matofali, mbali na ardhi, na vijiti vya sentimita 2.5 katikati ya kila safu, kila sentimita 40 hadi 50, vijiti vya juu vikifuata mstari wa vijiti vya chini. Vikipishana mbao zinapinda. Juu weka bati na mawe, pembeni pawe wazi. Kadirieni mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Njia ya uhakika ni kupima ubao mmoja kwenye mizani kila wiki: ukiacha kupungua, umekauka. Mwembe hupendwa na bungua, kwa hiyo pakeni boraksi na asidi ya boriki, sehemu 3 kwa 2, gramu 100 za mchanganyiko kwa lita ya maji moto, mbao zikiwa bado mbichi. Dawa hii huoshwa na mvua, ni ya vitu vya ndani.

Wengi wameuliza kwa nini vigoda vya duara la gogo zima vinapasuka. Mti unapokauka husinyaa kuzunguka mduara karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea katikati. Duara zima halina pa kukimbilia, lazima lipasuke. Fundi anaweza kukata mkato mmoja kutoka ukingo hadi moyoni mapema, ufa ukafunguka hapo alipopenda yeye, kisha akaujaza kwa kabari. Au atumie nusu gogo.

Kibali kisisahauliwe. Mti wa uani mjini anzieni ofisi ya serikali ya mtaa na afisa misitu wa halmashauri, na mbao au magogo yakisafirishwa yanahitaji hati ya TFS, wakala wa huduma za misitu Tanzania. Kirikuu iliyobeba magogo bila karatasi inaweza kumaliza faida yote kizuizini.

SWALI: Utomvu wa mnyaa umeniingia jichoni nikikata ua. Nimeambiwa nipake mafuta. (Ujumbe mfupi, bila mahali)

JIBU: Mafuta hapana. Maji safi mengi, jicho likiwa limefunguliwa kwa vidole, dakika 15 bila kukatiza, kisha hospitali siku hiyo hiyo hata kama maumivu yamepungua. Maumivu ya mnyaa mara nyingi huongezeka baada ya saa kadhaa, na asiyetibiwa anaweza kupoteza kuona. Usiguse jicho la pili kabla hujanawa kwa sabuni. Siku nyingine miwani ya kuziba pembeni, glavu, na ukate upepo ukiwa mgongoni. Utomvu wa mkorosho na mwembe haupofushi hivyo, ila hutoa malengelenge. Unawe mapema kwa sabuni, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

SWALI: Kisiki cha mjohoro kinachipua kila nikikata. Cha mnazi je, nacho kitachipua? (Bagamoyo)

JIBU: Mjohoro ni mti wa kuchipua, ndiyo maana watu huupanda kwa kuni. Ukate usawa wa ardhi, kisha kila wiki 4 hadi 6 ng'oa machipukizi yote yakiwa bado laini. Akiba ya mizizi itakwisha, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja au zaidi kidogo. Anayetumia dawa ya magugu ya glifoseti aipake kwa brashi kwenye pete ya nje tu, karibu na gome, ndani ya nusu saa baada ya kukata. Katikati ya kisiki hakuna uhai, dawa inapotea bure. Chumvi na oili chafu vinaua udongo, na kesho hutapanda kitu hapo.

Mnazi hauchipui, una jicho moja tu na liko juu. Lakini shina lake lisilale uani likioza, kwa maana humo ndimo chonga, yule mdudu mwenye pembe, anamotagia, na akikomaa anaruka kwenda kutoboa minazi ya jirani iliyo hai. Theluthi ya nje ya shina la mnazi mzee ni ngumu na inafaa mbao na nguzo. Toeni hiyo kwanza, mkinoa cheni mara kwa mara kwani mnazi unamaliza makali upesi. Sehemu laini ya katikati na kisiki vipasueni vipande vyembamba, vikausheni juani, mchome au mfukie vyote.